Usimwite Mbwa kwa Ajili ya Sindano

Haya ni maneno niliyowaambia majirani waliopanga foleni na mbwa wao Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, kwenye uwanja wa mtaa wetu hapa Arusha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Pale kelele za mbwa ziliponikatisha, nimeunganisha mwenyewe.

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, daktari wetu wa mifugo pamoja na vijana wako, majirani zangu. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee, shikamooni. Na ninyi mlioshika minyororo kwa mikono miwili, poleni.

Nimepewa muda huu wakati daktari anapanga chupa zake. Mwenyekiti alinipigia simu juzi akasema, "Mwalimu, njoo utuambie unafanyaje mpaka yule mbwa wako akiitwa anakuja mbio." Nikamjibu kwamba angeniona miaka mitatu iliyopita asingenialika. Wahenga walisema ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini. Mimi nilicheza na wangu miezi kadhaa, na siku nilipomfungulia mnyororo nje ya geti hakunifuata hata mpaka kwenye nguzo ya umeme.

Kabla ya habari zangu, hebu tuitazame foleni hii. Naona mbwa wengi, nashukuru. Lakini naona pia mama mmoja pale nyuma ameshika kadi ya chanjo na kamba tupu. Tumesalimiana naye asubuhi. Mbwa anaye, tena mkubwa, ila alipoona kamba imeshuka kutoka kwenye msumari akaingia kwenye migomba na hadi sasa hajatoka. Baba yule mwenye kofia, mbwa wake amekuja ndani ya toroli, amefungwa miguu kama mbuzi wa Idi. Na nyumbani kwetu tulikotoka wamebaki wengine ambao wenyewe tumesema, "Ah, yule hashikiki."

Daktari atawaambia kwa kirefu, mimi naligusia tu. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, kwa makisio, na karibu wote walipata ugonjwa kwa kung'atwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hakuna wa kumrudisha mgonjwa. Chanjo ya mbwa ipo, inafanya kazi, na wataalamu wanasema tukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa mahali fulani, ugonjwa unakosa pa kupita. Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu kwa kichaa kinachotokana na mbwa. Lakini sindano haina miguu. Daktari hawezi kumchanja mbwa ambaye hata mwenye mbwa hawezi kumshika. Kwa hiyo mnapoona namfundisha mbwa kuitika mluzi, msidhani ni starehe za mstaafu aliyekosa kazi. Basi, hilo nimelimaliza.

Sasa niwaambie habari za Kashata.

Nilimchukua akiwa na wiki nane, mbwa koko wa rangi ya kahawia mwenye mabaka meupe, ndipo jina likatoka hapo. Msicheke. Siku ya kwanza nilipomwita barabarani, kijana anayezungusha kahawa alisimama akaweka birika chini, akidhani amepata mteja wa kashata. Ikabidi ninunue.

Wiki zile za mwanzo nilijiona fundi. Nikienda jikoni yupo, nikienda kuanua nguo yupo, nikiingia chooni analala mlangoni. Nikisema "Kashata!" tayari yuko miguuni. Nikatamba kwa watu kwamba mbwa wangu ameshajua kuitwa. Hakujua chochote. Mtoto wa mbwa wa umri ule anakufuata kwa sababu anaogopa kubaki peke yake. Ndoo ingekuwa na miguu angeifuata ndoo. Wengi wetu hapo ndipo tunapodanganyika. Tunapokea utii ambao hatukuufundisha, tunauweka mfukoni, na ukiisha tunasema mbwa amekuwa mkaidi.

Alipofikisha miezi mitano hivi, dunia ikamfungukia. Pua ikaanza kazi. Kila jani lina habari, kila jiwe lina barua ya mbwa mwingine. Siku moja, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa naye kwenye njia ya mashambani na mjukuu wangu nyuma yetu. Nikaona hakuna mtu, nikafungua mnyororo. Alitembea nami hatua kama 20, ametulia kabisa, nikaanza kujipongeza moyoni. Mara mbuzi wa jirani wakatokeza kwenye mahindi.

Niliita. Njoo! Kashata njoo! Njoo hapa we! Mjukuu wangu alihesabu, na bado ananisuta mpaka leo: niliita mara 11. Mbuzi mmoja aliruka mfereji akateguka mguu. Nililipa, na niliomba radhi mbele ya watu, jambo ambalo kwa mwalimu mstaafu ni gharama kuliko fedha. Kashata alirudi mwenyewe baada ya hapo, ulimi nje, mkia unazunguka kama pangaboi, furaha tupu. Nikavua kandambili nikampiga nayo mara mbili.

Kesho yake, ndani ya ua wangu mwenyewe, geti limefungwa, nikamwita. Akaja. Akasimama umbali wa hatua tano hivi, kichwa ameinamisha, na hakunitazama usoni. Alitazama mguu wangu. Alikuwa anaiangalia kandambili. Nikasogea hatua moja, akarudi nyuma hatua moja. Nikachuchumaa, akakaa, lakini kulekule. Tulichezeshana hivyo mpaka nikasikia harufu ya uji unaungua ndani.

Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, ningepaswa kuelewa mapema. Kichwani mwangu nilimpiga kwa kosa la mbuzi. Kwake yeye, habari ya mbuzi ilikuwa imeshakwisha, tena ilikwisha vizuri sana, kwa raha. Jambo la mwisho alilofanya kabla ya kandambili ni kurudi kwangu. Ndilo alilochapiwa. Nilimfundisha kwa fimbo mbili tu, na alishika somo kuliko darasa langu lolote la hesabu: ukirudi kwa bibi, unapigwa.

Mtoto anayechapwa kila akichelewa hajifunzi kuwahi. Anajifunza kupitiliza asifike shuleni kabisa. Nimewaona, wanashinda mtoni na sare zao. Mbwa ni hivyohivyo.

Tangu siku ile nikaanza kuhesabu mambo kwa upande wa mbwa. Hebu tujiulize, nyumbani kwetu neno "njoo" mbwa analisikia lini? Njoo ufungwe mnyororo, kumekucha. Njoo uingie bandani, wageni wanakuja. Njoo uogeshwe dawa ya kupe. Njoo, nani ametafuna kiatu? Na tukiwa matembezini, njoo, tunarudi nyumbani. Hata sisi tusiompiga, kwa mbwa neno hilo maana yake ni moja: mchezo umekwisha. Halafu tunashangaa kwa nini akilisikia anakuwa kiziwi. Siyo kiziwi. Sikio la mbwa linasikia sauti nyembamba ambazo sisi hata tufanyeje hatuzisikii. Amesikia vizuri, akapiga hesabu, akaona hailipi.

Neno likishaungua, usilisugue. Chukua sufuria nyingine.

Mimi nilichukua mluzi. Mluzi mfupi mara mbili, hivi. (Hapo nilipiga, na mbwa kama 30 waligeuza vichwa. Kashata, aliyekuwa chini ya mwembe na mjukuu wangu, alisimama. Nikamfuata palepale nikampa dagaa, kwa sababu zitakazoonekana.) Nimechagua mluzi kwa kuwa hauna hasira. Sauti ya mtu humsaliti. Mbwa akikawia, "njoo" ya kwanza ni tamu, ya tatu ina meno, ya tano anajua kabisa kinachomngoja. Mluzi wa Jumatatu na mluzi wa siku uliyogombana na mwenye nyumba ni uleule. Asiyejua kupiga mluzi anunue filimbi ya plastiki ile ya refa, avae shingoni. Anayetaka neno achague neno, ila liwe jipya, na nyumba nzima ikubaliane: lisitumike kwa jambo baya hata mara moja. Mwanao mmoja akilitumia kumvuta mbwa kwenye beseni la kuogea, kazi ya wiki mbili imemwagika na maji ya sabuni.

Sasa namna ya kuanza. Mnaanzia ndani, sebuleni au uani, mahali pasipo na kitu cha kumvutia. Mbwa awe na njaa kidogo, kabla ya chakula chake. Unapiga mluzi, halafu unampa kitu kitamu. Basi. Huhitaji hata aje kutoka mbali. Siku za kwanza yuko palepale mbele yako. Unachofanya ni kuuchanganya mluzi na utamu mpaka viwe kitu kimoja. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza mmeng'enyo wa chakula, aliona mbwa wake wanadondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia tu dalili zake. Ndilo tunalolitafuta: mate yaanze kwenye mluzi.

Lakini kuna kosa dogo linaloharibu yote, na nililifanya wiki nzima. Mluzi kwanza, mkono baadaye. Sisi mkono unatangulia mfukoni bila kujijua, ndipo tunapiga mluzi. Mbwa ana macho. Atajifunza mkono, siyo mluzi. Siku ukiwa na suruali isiyo na mfuko au yeye amekupa mgongo, huna mbwa. Kwa hiyo mikono ikae kando, piga mluzi, hesabu moja kimoyomoyo, ndipo uende mfukoni.

Utamu wenyewe ni upi? Nimeona watu wanaagiza biskuti za mbwa za bei ya nyama. Sisi tuna dagaa! Dagaa wa Mwanza mkavu, asiye na chumvi, unamvunja vipande viwili au vitatu. Ananuka, ni mdogo, hachafui mfuko sana, na mbwa hashibi haraka. Mabinti zangu hawapendi kupanda gari na mimi, lakini hilo ni lao. Mahali pagumu, penye kuku au mbwa wengine, natoa maini ya kuchemsha yaliyokatwa saizi ya ukucha. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kama vijiti vya kuchokonolea meno na inaweza kumtoboa ndani. Chokoleti, zabibu na vitunguu ni sumu kwake.

Akishaitika ndani bila kusita, mara 9 katika 10, mnatoka uani. Akiweza uani, mnatoka getini alfajiri kabla bodaboda hazijaanza. Kisha uwanja wa mpira usio na watu. Kila mnapohamia mahali papya, mbwa anarudi darasa la kwanza; usimwone mjinga. Mtoto anayejua kusoma ubaoni anaweza kukwama akipewa gazeti.

Na huko nje kote, kamba. Nataka nikae kidogo kwenye kamba kwa sababu ndiyo iliyoniokoa. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba kamba ya manila, mita 10, unene wa kidole kidogo. Usichukue katani, itakuchuna viganja. Ncha ya mwisho usifunge kitanzi, maana kitanzi kinanasa kwenye visiki. Na usimfunge shingoni. Akikimbia mita 10 na kamba ikakaza ghafla, shingo ndiyo inayopokea. Afungwe mkanda wa kifuani. Wangu alishona fundi viatu wa pale kona kwa mikanda ya begi la shule lililochakaa, na hadi leo haujakatika.

Mbwa anatembea, kamba inaburuzika nyuma yake kwenye vumbi. Wewe huishiki. Anajiona huru, na wewe unajua hayuko huru. Akienda mbali, unakanyaga kamba, humrukii mbwa. Anaponusa jambo dogo, siyo mbuzi, jambo dogo tu kama ganda la muwa, unapiga mluzi mara moja. Tazama masikio. Sikio la upande wako litageuka kabla ya kichwa. Hapo hapo, sikio likigeuka, anza kukimbia kumwacha! Wazee, msiogope kuchekwa. Mbwa hufukuza kinachokimbia; ukimfuata yeye, unamfukuza wewe, na mchezo huo hutamshinda maana ana miguu minne. Ukimkimbia, anakufukuza, na akikufikia ndiyo amefika. Mpe dagaa, mmoja, mwingine, mwingine, taratibu, huku ukimsifu.

Asipokuja je? Usirudie mluzi. Narudia hapa kwa ajili ya wale wa mara 11 kama mimi. Mluzi usioitikiwa ukiupiga tena na tena unakuwa kama mvua juu ya bati, mtu analala nayo. Nyamaza, okota kamba, tembea nayo mpaka ulipo mbwa, ondokeni pale bila maneno. Usimvute kama samaki. Kosa ni lako: umemwita mahali pagumu kuliko darasa lake. Kesho ganda la muwa liwe mbali zaidi.

Kuna ugonjwa mwingine, huu unawapata hata waliofundisha vizuri. Mbwa anakuja mbio, anafika mita moja, kisha anakwepa, anaruka kushoto, anaruka kulia, ukinyoosha mkono huyo kaondoka. Mmeuona? Hapo ameitika mluzi vizuri kabisa. Anachokimbia ni mkono kwenye kola. Amejua kwamba kola ikishikwa, mnyororo unafuata, na mnyororo ni kwenda nyumbani. Dawa yake: mshike kola kwanza, kisha mpe dagaa, kola bado mkononi, kisha mwachie aende. Mwachie! Hilo ndilo tunalosahau. Katika matembezi ya saa moja, mwite mara 10, na mara 9 mrudishe kwenye mchezo wake. Akirudi kwako akapata maini na bado akarudishiwa uhuru, atakuona kama duka linalouza vyote. Na ile mara ya 10, ya kurudi nyumbani, wala hataitambua.

Kamba unaipunguza taratibu. Wangu aliiburuza ya mita 10 wiki nyingi, nikakata ikawa mita 5, nikakata ikawa 2, mwisho kikabaki kipande kama urefu wa kiko, kinaning'inia tu kifuani kumkumbusha. Kila nilipokata nilitetemeka.

Vijana mliochukua mbwa mwaka huu, jiandaeni na jambo hili. Kati ya miezi sita na mwaka mmoja na nusu, mbwa anabalehe, na kila mlichojenga kitaonekana kimebomoka. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wao juu ya mbwa waliokuwa wanaandaliwa kuongoza vipofu: wakiwa na miezi minane, mbwa waliambiwa "kaa" na mlezi wao wakachelewa kutii kuliko walipokuwa na miezi mitano, ilhali mgeni akiwaambia walitii. Mwenye kijana wa kidato cha pili nyumbani hahitaji mtafiti amweleze. Dawa siyo kumpiga, ni kurudisha kamba ndefu, kupunguza ugumu, kuongeza maini, na kusubiri. Mbwa jike akiwa kwenye joto asifunguliwe kabisa, hata awe na adabu ya mtakatifu, na dume aliyenusa harufu hiyo vilevile. Ukitaka kulimaliza suala hilo, muulize daktari kuhusu kufunga kizazi.

Nina neno moja zaidi, la dharura. Hili silitumii matembezini. Nalifanyia mazoezi mara mbili kwa wiki, nyumbani, na kila likitamkwa Kashata anapata kipande baada ya kipande kwa dakika nzima, karamu. Neno lenyewe ni "Pilau!" Pilau halisi haonji, ina vitunguu. Katika miaka yote hii nimelihitaji kweli mara moja tu, karibu na barabara ya lami, roli linashuka. Niliita pilau kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Aligeukia hewani, miguu bado inaelekea barabarani na kichwa tayari kinakuja kwangu. Vijana wa kijiwe cha bodaboda pia walikuja, wakauliza iko wapi.

Sasa wapi umfungue? Msinielewe vibaya mkaenda kufungua mbwa kwenye njia ya watoto wa shule. Uwanja wenye uzio, baada ya kuomba. Shamba la mtu, baada ya kuomba. Ndani ya hifadhi ya taifa mbwa wetu haingii, awe na kamba au hana. Wanyama wa kule wanaweza kufa kwa magonjwa yetu. Mwaka 1994 homa ya mbwa, ile distempa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

Na popote mlipo, mwite mbwa unapomwona mtu, usingoje mbwa amwone. Yule mtoto anayekuja na chupa ya maziwa hajui kwamba Kashata hang'ati. Yule jirani anayekwenda swala ameshatawadha, na mate ya mbwa kwenye kanzu yake yanamrudisha nyumbani. Hataki kusikia "usiogope, anacheza tu". Mimi nikiona mtu kwa mbali napiga mluzi, nashika kola, nasimama pembeni, namsalimia apite. Wengine waliokuwa wanaokota jiwe wakiniona sasa hivi wananiuliza hali ya Kashata kabla ya kuniuliza yangu.

Na ikitokea mbwa yeyote amemng'ata mtu, hata kidogo, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msiende kwa pilipili wala mafuta ya taa.

(Hapo babu mmoja mwenye fimbo aliinua mkono. Akauliza: "Mwalimu, huyu wangu ni wa ulinzi. Nikimzoesha dagaa, si atakwenda kwa mwizi mwenye dagaa?" Watu walicheka, lakini swali ni zuri.)

Babu, shikamoo. Mwizi mwenye dagaa humpata kwanza mbwa mwenye njaa ambaye hajawahi kupewa kwa utaratibu. Huyo atamuuza tajiri wake kwa kichwa cha dagaa kimoja. Mbwa niliyemfundisha mimi anajua dagaa huja baada ya mluzi, na mluzi ni wa nyumbani. Lakini nikuulize nawe, babu. Huyo wako anashinda kwenye mnyororo, unamfungua usiku. Ikatokea saa nne usiku jirani amekuja kugonga ana mgonjwa, mbwa anamwendea. Una neno la kumrudisha? (Babu akasema: "Nina fimbo.") Fimbo ina urefu gani, babu? Mbwa ameshafika getini.

Anza naye hata leo jioni. Ni mkubwa, ndiyo, itachukua muda zaidi. Mfungue uani mchana, geti likiwa limefungwa, na kamba yake ndefu, na dagaa wa shilingi mia tano. Wiki ya kwanza usimdai chochote zaidi ya kugeuza sikio.

Daktari ananiashiria kwamba yuko tayari. Nimalizie na foleni hii basi, maana ni mtihani wenyewe. Zamu yako ikifika, mbwa wako yuko kule kwenye kivuli. Utatamani kumwita kwa lile neno, aje mbio, watu waone. Usimwite. Akija mbio kwa mluzi akakutana na sindano, tumerudi kwenye kandambili. Mfuate alipo, mfunge kamba kimyakimya, mlete. Akishachomwa, mtoe nje ya uzio, mwache anuse majani kidogo, ndipo umwite umpe dagaa.

Na yule mama mwenye kamba tupu, mwanao abaki kwenye nafasi yako, twende wote kwenye migomba. Nina maini mfukoni, na daktari amesema yupo mpaka saa nane.

Mjukuu wangu! Sisi ni wa tatu. Mlete Kashata. Hapana, usipige mluzi. Shika kamba uje naye.